Kutembea na mbwa milimani na mashambani: kuchagua njia, kumwandaa na kumrudisha salama

Mbwa hatakuambia amechoka. Atakufuata hadi miguu ikatae, maana kwake kuachwa nyuma ni kubaya kuliko kuumia. Ndiyo sababu matembezi ya milimani hupimwa kwa mbwa kwanza: nyayo zake zinahimili ardhi gani, mwili wake unahimili joto kiasi gani, na viungo vyake vinahimili mteremko wa urefu gani. Ukishajua hayo matatu, utapata vilele, mabonde na kingo za misitu za kutosha kuwafurahisha nyote wawili.

Mpime mbwa kabla ya kufungua ramani

Anza na umri. Mifupa ya mbwa anayekua ina ncha laini ambazo kwa mbwa wa aina ndogo hukomaa kwenye miezi 8 hadi 10, na kwa wa aina kubwa huweza kufika miezi 18. Kabla ya hapo mpeleke tambarare, umwache anuse na kucheza kwa mwendo wake. Kuruka miamba na kuteremka kwa muda mrefu huziumiza ncha hizo, na madhara yake huonekana miaka mingi baadaye.

Tazama pua. Mbwa hapoi kwa kutoka jasho kama sisi. Tezi zake za jasho ni chache na ziko nyayoni. Hupoa kwa kutweta, yaani kupitisha hewa haraka juu ya ulimi na njia za pua zenye unyevu. Mbwa wa pua fupi kama Pug na Bulldog wana njia nyembamba, hivyo hata mlima mdogo wenye jua unaweza kuwaua. Kwao chagua njia fupi, yenye kivuli, asubuhi ya baridi, wala usibadili mpango kwa sababu siku ni nzuri.

Kisha pitisha vidole ubavuni. Mbavu zinapaswa kuhisika bila kubonyeza. Kama unazitafuta ndani ya mafuta, mpunguzie uzito kwanza, kwa sababu kila kilo ya ziada huongeza joto mwilini anapopanda na kutwanga mabega anaposhuka.

Mbwa aliyezoea kuzunguka nyumba hapelekwi kileleni wiki ijayo. Mpe wiki 6: anza na kilomita 4 au 5 za tambarare mara tatu kwa wiki, ongeza kilomita moja hadi mbili kila wiki, na kuanzia wiki ya tatu ingiza vilima. Misuli hupata nguvu haraka kuliko ngozi ya nyayo, na hapo ndipo wengi hukosea: mbwa anaonekana ana pumzi, kumbe nyayo bado ni laini. Mtembeze kwenye changarawe na mawe kidogo kidogo ili ngozi iwe ngumu. Hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati, umuulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya leptospirosisi (ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na mkojo wa wanyama kama panya), na dawa ya kupe itumike mapema kama maelekezo yake yanavyosema.

Njia ipi?

Kwa makadirio ya muda, kanuni ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, ya mwaka 1892 bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye kupanda mita 600 ni saa 3 za mwendo mtupu. Kwa mbwa ongeza dakika 10 za mapumziko kila saa, na nyingine za kunusa. Weka saa 4.

Halafu uliza jua litakuwa wapi mtakapokuwa mnarudi. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila mnapopanda mita 1,000, hivyo kileleni mbwa huonekana mzima kabisa. Shida iko chini. Mnaanza saa 12 asubuhi penye ubaridi, mnarudi saa 7 mchana kwenye bonde lililochemka, na mbwa ameshatumia nguvu zake. Tafuta njia ambayo msitu uko mwishoni, au panga muwe mmeshashuka ifikapo saa 5.

Maji huwezi kuyakisia kwa macho. Milima ya mawe ya chokaa hunyonya mvua yote ndani. Unaweza kutembea nusu siku juu ya nyasi za kijani usione kijito. Migongo ya milima nayo haina maji. Vijito vilivyochorwa kwenye ramani kwa mstari wa vipande mara nyingi ni vya msimu, basi usivitegemee.

Kwa safari ya kwanza tunapendelea njia ya kwenda na kurudi palepale kuliko ya kuzunguka. Kwenye mzunguko, kikwazo huweza kujitokeza mmeshamaliza robo tatu ya njia: ngazi ya chuma kwenye mwamba, au kivuko cha uzio ambacho mbwa wa kilo 35 hawezi kuruka wala wewe huwezi kumnyanyua. Kwenye njia ya kwenda na kurudi unajua kila kilichoko nyuma yako, na kugeuza ni rahisi. Ikiwezekana chagua yenye mahali pa kutazama mandhari kabla ya kilele, ili mkigeuza mapema siku isiwe imepotea.

Sheria isome kabla ya kuondoka. Hifadhi nyingi za taifa duniani hazimruhusu mbwa kabisa. New Zealand ni mfano mmoja. Marekani, hifadhi ya Shenandoah huwaruhusu kwenye njia nyingi wakiwa wamefungwa kamba, ilhali hifadhi nyingine nyingi huwazuia kuingia kwenye njia za porini. England, kwenye ardhi iliyofunguliwa kwa watembeaji, kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai kamba isiyozidi mita 2 ni lazima, kwa sababu ndege wanaotaga chini wako viotani; na karibu na mifugo ni mwaka mzima. Hata pasipo sheria ya namna hiyo, msimu wa kutaga na kuzaa uheshimiwe.

Vitu vya kubeba

Mkanda wa kifua ni bora kuliko kola ya shingo, kwa kuwa akiteleza unamshika bila kumkaba. Uvalishe hivi: kamba ya mbele ikae juu ya mfupa wa kifua, isikate bega, kamba ya tumboni iwe upana wa vidole vinne nyuma ya kwapa, na vidole viwili vipite chini ya kila mkanda. Kwapa ndipo ngozi huchubuka kwanza, hasa mkanda ukilowa, kwa hiyo ufunue na kutazama kila mnapopumzika. Chagua wenye mshikio mgongoni. Kola yenye jina na namba ya simu ibaki shingoni.

Kamba iwe ya mita 1.5 hadi 2. Zile za kujikunja ndani ya kasha ziache nyumbani: uzi wake mwembamba hukata ngozi, hunasa vichakani, na hauna msaada mbwa akichomoka ghafla.

Maji: mbwa aliyetulia hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wa kilo 20 ni kama lita 1 hadi 1.2. Siku ya mlima beba mara mbili, yaani lita 2 au zaidi kwake peke yake, na bakuli la kukunja. Chakula kikuu apewe muda wa saa 3 kabla ya kuanza. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu wako katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, na mlo mkubwa ukifuatwa na mbio si jambo la kujaribu. Njiani mpe vipande vidogo vya chakula alichozoea. Zabibu, chokoleti na peremende zenye zailitoli (kitia utamu kinachotumika badala ya sukari) ni sumu kwake. Mfuko wako wa vitafunwa ufunge vizuri.

Huduma ya kwanza haijazi mfuko: shashi, bendeji inayojishika yenyewe, pamba, maji ya chumvi ya kuoshea kidonda, kibano cha kupe, soksi mbili, na shuka imara ya kumbebea. Dawa zako za maumivu usimpe. Paracetamol na ibuprofen huweza kumuua.

Mkiwa njiani

Dakika 20 za mwanzo mfunge kamba hata kama eneo linaruhusu aachwe. Mbwa huanza kwa kishindo, hukimbia mbele na kurudi, na kufikia saa ya pili ameshaenda karibu mara mbili ya umbali wako. Mpe mililita 100 hadi 200 za maji kila nusu saa badala ya bakuli zima kwa mkupuo. Maji yaliyotuama yenye utando wa kijani au bluu asiyaguse, wala asiogelee humo na kulamba manyoya baadaye. Mwani wa aina hiyo huweza kuua ndani ya saa chache.

Mwache anuse. Wewe umekuja kwa ajili ya macho, yeye amekuja kwa ajili ya pua. Dakika 5 kwenye shina la mti lenye harufu humtuliza, na kwa mbwa mwenye wasiwasi huwa na faida kuliko kilomita nyingine.

Kushuka ndiko kunakohitaji akili zaidi. Kama kamba umeifunga kiunoni, ifungue na kuishika mkononi, kwa sababu mvuto mmoja mkiwa mteremkoni unakuangusha kifudifudi. Mfundishe mapema nyumbani neno moja la kumpunguza mwendo, mfano "taratibu", awe nyuma ya goti lako. Penye mawe yanayoporomoka, mshuke kwa mshazari na asiwe juu ya watu walio chini yenu. Mita 500 za kushuka mfululizo zigawe kwa mapumziko mawili. Uzito huangukia miguu ya mbele, na ndiyo itakayovimba usiku.

Mkifikia mifugo, fupisha kamba na mzunguke kwa mbali, msipite kati ya mama na ndama. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa huweza kuharibu mimba hata kama hakuguswa. Ng'ombe wakikujieni mbio, achia kamba: wanamfuata mbwa, naye ana kasi ya kuwakwepa, wewe huna. Penye mbwa wa ulinzi wa mifugo simama, usimtupie jiwe, mshikilie wako karibu, kisha rudini polepole mkitafuta njia nyingine. Kinyesi kiokotwe na kubebwa, hasa malishoni, kwa kuwa vimelea vya Neospora caninum vinavyotoka humo husababisha ng'ombe kutoa mimba.

Dalili za joto

Zitazame kwa karibu. Ulimi wa mbwa anayetweta kwa kawaida huwa umejikunja kidogo pembeni. Joto likizidi, ncha yake hutanuka kama kijiko na kuning'inia, mate huwa mazito, na kutweta huwa kwa kelele. Kaeni kivulini dakika 10. Kama kupumua hakujapungua, safari imeishia hapo. Inua mdomo, bonyeza ufizi kwa kidole hadi uwe mweupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi mwekundu mno au uliopauka, kuyumba au kutapika ni hatari ya papo hapo.

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, kupita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Mpoze kwanza palepale, ndipo umsafirishe. Mmwagie maji yoyote yaliyo baridi kuliko yeye, mfululizo, hasa tumboni na mapajani, na mpepee. Usimfunike na taulo lililolowa, maana hufungia joto ndani. Kutweta kukipungua acha kumwagia, kisha mpeleke kwa daktari hata kama amesimama na kutikisa mkia.

Akiumwa na nyoka, usichanje kidonda wala kukaza kamba juu yake. Mtulize, mbebe, msikimbie.

Nyayo

Kabla ya kukanyaga mwamba uliopigwa na jua, weka mgongo wa kiganja juu yake kwa sekunde 7. Ukishindwa, naye hawezi. Kila mapumziko inua miguu yote minne, tanua vidole, tafuta miiba, changarawe na ngozi inayoanza kung'aa na kuwa nyekundu. Hiyo ndiyo hatua ya kabla ya kuchunika, na soksi iliyofungwa juu ya kifundo kwa bendeji isiyokaza humfikisha nyumbani. Iliyochunika: osha, weka pamba kati ya vidole, shashi, bendeji, soksi. Mbwa mwenye maumivu humuuma hata mmiliki wake, basi mtu wa pili ashike kichwa kabla hujagusa.

Mkifika, mkague kupe masikioni, chini ya kola, kwapani, kinenani na kati ya vidole. Shika kupe karibu kabisa na ngozi na uvute wima, polepole, bila kupaka mafuta wala moto. Asubuhi yake mtazame anavyoinuka. Ugumu unaoisha baada ya hatua chache ni wa misuli, mpumzishe siku moja au mbili. Akiendelea kuchechemea baada ya saa 24, mpeleke kwa daktari wa mifugo.