Dafodili na tulipu zichanue kila mwaka: kazi ni baada ya ua kunyauka

Wenye bustani Uingereza, Uholanzi au Ujerumani hulalamika hivi kila Aprili: mwaka wa kwanza dafodili zilijaa maua, wa pili zikapungua, wa tatu majani matupu. Mara nyingi tunguu, ile sehemu ya chini ya udongo inayofanana na kitunguu, halijafa, lina njaa. Ua la mwakani hutengenezwa ndani ya tunguu kuanzia Mei na Juni, wakati mwenyewe umeshahamia kwenye nyanya, na chakula chake hutoka kwenye majani ya mwaka huu.

1. Kupanda

Chagua matunguu magumu, mazito mkononi. Dafodili na krokasi (ua dogo, nalo la tunguu) panda Septemba. Tulipu ngoja Novemba, kwani udongo ukishapoa ule ugonjwa wa ukungu unaobabua majani yake hupungua. Kina ni mara tatu ya urefu wa tunguu: la sentimita 5 liende sentimita 15 chini. Lililopandwa juujuu hugawanyika vitunguu vidogo visivyo na nguvu ya kutoa ua. Penye kindi, laza waya wa banda la kuku juu ya tulipu na krokasi. Dafodili hawazigusi.

Usiyaweke jikoni kamwe. Tunguu la dafodili linafanana mno na kitunguu maji, nalo ni sumu: anayelila hutapika na kuumwa tumbo.

2. Majani

Ua likinyauka, likate pamoja na kile kifuko cha kijani kinachovimba nyuma yake, la sivyo chakula kitaishia kwenye mbegu. Shina libaki, maana nalo ni kijani na linafanya kazi ileile ya jani.

Majani yaache wiki 6 angalau. Usiyapige fundo, usiyasuke, usiyabane kwa mpira. Wengi hufanya hivyo ili bustani iwe nadhifu, lakini jani lililokunjwa halipati mwanga. Dalili kwamba limemaliza: limekuwa manjano, na ukilivuta taratibu linatoka lenyewe. Likishikilia, bado. Dafodili zilizo ndani ya nyasi, mashine isipite hadi katikati ya Juni. Kama majani hayo yanakuudhi, panda mbele yake hosta, mimea ya majani mapana, ambazo huchelewa kuchipua na kuyaficha kwa wakati wake.

Aprili na Mei zikiwa kavu, mwagilia, hasa vyungu. Changanya mbolea ya maji ya nyanya, yenye potasiamu nyingi, uwape kila baada ya siku 10 mpaka majani yaanze kugeuka rangi. Mbolea ya nyasi na samadi mbichi ziache kabisa: naitrojeni nyingi huleta majani manene na matunguu laini yanayooza.

3. Kugawanya dafodili

Majani mengi membamba na maua mawili matatu ni msongamano. Majani yakishakauka, Juni au Julai, chimba kwa jembe uma, tenganisha yanayoachana yenyewe, kisha bonyeza kila shingo kwa kidole gumba. Inayobonyea mara nyingi ina funza wa nzi wa dafodili, na ukilipasua utamkuta katikati ya uozo wa kahawia. Lote takatakani, si kwenye mboji. Mazima yarudishe udongoni, sentimita 10 hadi 15 kati ya moja na jingine.

4. Tulipu

Tunguu la tulipu hufa kila mwaka na kuacha watoto. Mkubwa huchanua, mdogo hutoa jani moja pana, basi. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, yenye kiangazi kikavu cha joto, kwa hiyo kulala kwenye udongo mbichi majira yote ya joto humdhoofisha. Chimbua Juni, kausha, ning'iniza kwenye wavu penye hewa, mbali na tufaha na ndizi mbivu: gesi yake ya ethilini huua ua likiwa bado changa ndani ya tunguu.

Zaidi ya yote, chagua aina. Tulipu za kundi la Darwin Hybrid, kama 'Apeldoorn', hurudi miaka kadhaa, na Tulipa tarda, ndogo ya porini, hata huongezeka. Zile zenye petali zilizochanikachanika zihesabu za mwaka mmoja.

Kwa anayeulizia Dar es Salaam: tulipu hudai wiki 12 hadi 16 za baridi, chini ya nyuzi 9 hivi, na hakuna mbolea inayofidia hilo. Huko panda amarilisi.