Tangi la samaki la plaiwudi lisilovuja: ninavyolitengeneza

Tangi langu la kwanza nililijenga nyumbani Kampala kwa plaiwudi, rangi ya mafuta na silikoni kwenye pembe zote. Baada ya miezi mitatu silikoni ilibanduka pamoja na rangi kama ganda la ndizi, sebule ikalowa. Silikoni haikuwa na kosa. Ilishika rangi vizuri. Rangi ndiyo haikushika mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zikipinda kila nilipojaza maji. Tangu hapo nashughulika na kupinda kwanza, kuvuja baadaye.

1. Vipimo. Tuchukue tangi la sm 120 kwa 60 kwa 60, maji ya kina cha sm 50. Hayo ni zaidi ya lita 320, yaani kilo 320 za maji peke yake, na ukuta wa mbele unasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 145. Kina kikiwa mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Urefu ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara mbili tu. Ukitaka tangi kubwa, lirefushe, usilipandishe.

2. Plaiwudi. Unene mm 18, gundi isiyoogopa maji. Ndeeba, mtaa wa wauza mbao hapa Kampala, utaambiwa kila plaiwudi ni ya maji. Omba kipande kilichobaki, kakichemshe nyumbani saa kadhaa. Kikiachana tabaka, umeokoa pesa. Tazama pia kingo: matundu ndani ya tabaka ni udhaifu ambao epoksi (gundi ya kuchanganya vimiminika viwili, ndiyo itakayozuia maji) haiuondoi.

3. Kuunga. Kuta zikae juu ya sakafu ya tangi. Paka gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji, kaza skrubu kila sm 12 hivi, na toboa kwanza ili kingo zisipasuke. Dirisha la mbele likate ndani ya ubao mzima, ukibakiza fremu ya sm 8 pande zote. Juu funga mkanda wa plaiwudi kuzunguka mdomo wa tangi, na mmoja wa kukatiza katikati. Watu huuruka huu wa katikati kwa sababu unasumbua wakati wa kusafisha. Usiuruke.

4. Pembe za ndani. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Changanya epoksi na unga laini wa mbao hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, jaza kila pembe, kisha pitisha mgongo wa kijiko ili pembe iwe ya mviringo. Faibaglasi, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo, haipendi kona kali: inainuka, inaacha hewa chini yake, na maji hujificha humo. Ziba vichwa vya skrubu kwa mchanganyiko huohuo. Halafu laza utepe wa faibaglasi wa sm 10 kwenye kila pembe, uuloweshe kwa epoksi hadi weupe wake upotee.

5. Epoksi. Mipako mitatu, wa kwanza mwembamba unaonywewa na mbao. Kingo zilizokatwa, pamoja na za dirisha na matundu ya bomba, hunywa kuliko uso, kwa hiyo zirudie. Pima resini (epoksi yenyewe) na hadina (ya kuigandisha) kama kopo linavyoagiza. Kuzidisha hadina ili ikauke haraka kunaiacha laini milele. Msimu wa mvua, hasa karibu na ziwa, epoksi hutoa utando kama nta. Uoshe kwa maji, kausha, piga msasa, ndipo upake tena. Nje pia papakwe. Iache igande wiki nzima.

6. Kioo. Mm 12, kiwekwe kwa ndani ili maji yakikandamize kwenye fremu. Tumia silikoni safi inayonuka siki, isiyo na dawa ya ukungu, maana dawa hiyo huua samaki. Usikandamize kioo kwa nguvu kiasi cha kuitoa silikoni yote. Bakiza unene wa mm 2 au 3, huo ndio unaovumilia mtikisiko. Subiri wiki nyingine.

7. Jaribio. Weka tangi juu ya meza iliyonyooshwa kwa pima maji, penye upepo chini yake, na utandike magazeti. Jaza theluthi, lala. Theluthi nyingine, lala. Kisha jaza yote na ukae siku saba. Pembeni weka ndoo ya maji iliyotiwa alama: maji ya tangi yakishuka sawa na ya ndoo, ni jua tu linayanywa. Gazeti likilowa, usipake silikoni juu ya penye unyevu. Mwaga maji, acha mbao zikauke kabisa hata kama ni wiki mbili, kwangua hadi penye epoksi nzima, urudie hatua ya nne. Maji ya jaribio usiyatumie kwa samaki.