Jinsi ninavyopanga safari ya kikundi kwenda kuwahudumia wakata miwa Kidatu

Safari yetu ya kwanza tulifika kambini saa nne asubuhi, watu 22 kwenye Coaster, marobota ya mitumba yamefungwa juu. Tuliwakuta akina mama wawili wakipika na kijana mmoja amelala na homa. Wengine wote walikuwa shambani tangu alfajiri. Waliporudi alasiri, wamejaa jasho na masizi ya miwa iliyochomwa, dereva wetu alikuwa ameshaanza kuulizia saa. Tukawapanga mstari kabla hawajanawa wala kula, tukagawa mashati, tukapiga picha, tukaondoka. Usiku ule sikulala. Nimerudi misimu sita tangu hapo, na haya ndiyo ninayomwambia kila anayetaka kuongoza safari ya namna hii.

Hatua ya 1: Mjue unayemwendea

Kidatu iko mkoani Morogoro, kwenye bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Mto Ruaha Mkuu unapita katikati, na miwa iko pande zote mbili. Sehemu kubwa ya wanaoikata ni watu wa kuja, kutoka Iringa, Njombe, Mbeya na Songea. Wapo wanaolala kwenye mabweni, na wanaowakatia wakulima wa nje, yaani wenye mashamba yao wanaokiuzia kiwanda miwa, mara nyingi hupanga chumba kimoja watu wanne au watano. Wenyeji wazee bado huwaita manamba, neno la enzi za mashamba ya mkonge, wakati mfanyakazi alipojulikana kwa namba yake. Katika kikundi chetu hatulitumii. Wao hujiita wakata miwa, nasi tunawaita hivyo.

Shida yao kubwa, kwa nilivyoiona, ni kwamba hawamo kwenye orodha. Chukua vyandarua. Vya bure hugawiwa zaidi kliniki kwa wajawazito na watoto wachanga, na shuleni kwa wanafunzi. Kijana wa miaka 24 aliyemwacha mkewe Makete haingii popote hapo. Naye ametoka kwenye baridi ambako malaria ni haba, mwili wake haujaizoea, kisha analala bondeni ambako mbu ni wengi. Ukielewa jambo hili moja, utajua safari yako ni ya kufanya nini: kumfikishia huduma ambayo tayari ipo lakini inampita.

Hatua ya 2: Watangulize watu wawili

Mwezi mmoja kabla, watu wawili wapande basi waende. Waanzie kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Kama kambi iko kwenye eneo la mwajiri, waombe ruhusa kwake kwa barua. Mkitaka kupima afya, andikeni kwa Mganga Mkuu wa halmashauri husika mkiambatanisha leseni za wauguzi na madaktari wenu. Angalieni mto: upande mmoja ni Wilaya ya Kilombero, ng'ambo ni Kilosa, na barua ya huku haiwafai kule.

Jioni ndipo wakae na wakata miwa wenyewe, waulize na kuandika. Msimu wa pili tulileta vyandarua 60, tukaona tumemaliza kazi. Kaka mmoja akanifuata taratibu, chandarua kikiwa bado ndani ya mfuko wake, akasema, "Dada nesi, nimeshukuru sana. Ila nakifunga wapi?" Nikaingia naye ndani. Vitanda vya ghorofa, dari iko juu mno, ukuta wa saruji hauna hata msumari mmoja. Tangu hapo misumari ya zege, kamba ya manila na nyundo mbili huingia garini kabla ya kitu kingine chochote, na fundi seremala anahesabiwa kwenye kikundi sawa na daktari.

Hatua ya 3: Chagua tarehe kwa kalenda yao

Ukataji huanza masika yakiisha, kwa kawaida Juni, na kuendelea hadi mvua zinapozuia magari kuingia shambani. Ukienda Aprili utakuta mabweni matupu. Wiki mbili za mwanzo waache: wengine bado wanafika, na mikono ndiyo kwanza inaota malengelenge. Sisi huenda Julai, kisha Oktoba joto linapopanda. Tunafika Jumamosi jioni, tunafanya kazi kuu Jumapili baada ya ibada. Siku ya kazi usimwite mtu baada ya saa mbili usiku. Saa kumi alfajiri anaamka.

Hatua ya 4: Punguza watu

Kumi na wanne wanatosha. Wauguzi watatu, daktari mmoja, mwanasheria mmoja, fundi, mtu wa hesabu, na angalau wawili wanaosema Kihehe au Kibena, maana mtu mzima akiumwa huieleza vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani. Mgeni kutoka nje ya nchi asiunganishwe dakika za mwisho. Viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi, hata ya bure, kwa hiyo kibali kitafutwe mapema.

Hatua ya 5: Fedha na njia

Kila mmoja ajilipie nauli, chakula na malazi. Michango yote iende kwenye vifaa, na risiti zisomwe mbele ya kikundi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi mjini ni karibu kilomita 300, na karibu 50 kati ya hizo zinapita ndani ya hifadhi, wanyama wakivuka barabara. Msipite pale usiku. Mikumi mnakunja kushoto kuelekea Kidatu.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Gawanyeni watu kwa makundi matatu yanayofanya kazi kwa wakati mmoja.

Kundi la kwanza ni afya. Pimeni shinikizo la damu, wenye homa wapimwe malaria kwa kipimo cha haraka, vidonda visafishwe. Kisha ulizeni maswali mawili ambayo mimi siyaachi: shambani unakunywa maji kiasi gani, na mgongo ukiuma unameza nini? Huko Nikaragua na El Salvador wakata miwa wengi, tena vijana wasio na kisukari, wamekufa kwa figo kuharibika, na kufanya kazi nzito juani bila maji ya kutosha ni miongoni mwa sababu zinazotiliwa mkazo zaidi. Mtu aliyekaukiwa maji akimeza diklofenaki kila jioni anaziumiza figo zake. Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine. Naomba galoni yake mwenyewe, anionyeshe anajaza mpaka wapi. Kwa anayeharisha au kutapika, wafundisheni kwa vitendo: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu ya kijiko hicho hicho kidogo.

Kundi la pili ni fundi na vijana wa nyundo, kitanda kwa kitanda. Mwenye kitanda awepo, afunge mwenyewe fundo la mwisho.

Kundi la tatu ni mwanasheria, akae chini ya mwembe mbali kidogo na macho ya wanyapara. Aeleze mambo machache yanayobebeka kichwani. Mlalamikaji wa kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine siku 60. Aliyekatwa na panga kazini anaweza kudai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa hiyo ajali iandikwe na karatasi za hospitali zitunzwe. Msiwachochee wagome wala msiwaahidi ushindi. Ninyi mtaondoka, wao watabaki.

Picha: ombeni ruhusa ya mtu mmojammoja, na mgonjwa asipigwe kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata ninyi.

Hatua ya 7: Daftari

Kabla ya kuondoka tunaandika madaftari mawili. La wagonjwa linabaki zahanati: nani arudie kupimwa, lini. La pili tunaondoka nalo, nalo ni la ahadi zetu, kila ahadi na jina la mwanakikundi aliyeitoa. Jumatano inayofuata namwita kila mmoja kwa simu. Oktoba iliyopita ahadi mbili hazikutimia: tangi la maji la kambi ya chini, na miwani ya mzee anayenoa mapanga. Miwani imeshanunuliwa, ipo kabatini kwangu. Tangi bado tunalichangia, na ndilo litakalopakiwa kwanza Julai.