SOMO: Kusoma tamthilia za kina mama zilizosahaulika kwa Zoom, ukiwa zako Arusha au Moshi

Wadau wa Chuga na Moshi, habari za saa hizi. Wengi mmeniomba hili somo basi nalimwaga hapa. Huhitaji ukumbi wala maleba, ni watu kadhaa, simu zao na bando.

Hatua 1: chagua mchezo. Mtu ukimtajia tamthilia anawaza Kinjeketile tu maana ndo aliyokaririshwa shule. Sina ugomvi na Ebrahim Hussein aliyeiandika ata kidogo, ila kuna kina mama wameandika miaka hiyohiyo na vitabu vyao vinakula vumbi tu. Penina Muhando ana Hatia (1972), Heshima Yangu (1974) na Nguzo Mama (1982), Amandina Lihamba ana Hawala ya Fedha (1980). Mi ningeanza na Nguzo Mama, wanawake wanahangaika kusimamisha nguzo halafu kila mtu anavutia kwake, ukiisoma leo unaona kabisa vikoba vya mtaani kwenu.

Hatua 2: ruhusa. Kununua kitabu sio kununua haki ya kukisoma mbele ya watu. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, so muandikie mchapishaji au ulizia COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, na sema kabisa kama mtarekodi au la, maana kurekodi ni habari nyingine.

Hatua 3: gawa sehemu, na hapa ndo pa kutulia. Msomaji muhimu kuliko wote sio mhusika mkuu, ni yule anayesoma maelezo ya jukwaani. Kwenye skrini hakuna mlango wala kigoda, asiposema "anaingia amebeba mtungi" hamna anayeuona huo mtungi. Mpe mtu mwenye sauti tulivu, asiigize, na mkae naye kabla mkate maelezo marefu. Wengine wabadilishe majina yao ya Zoom yawe ya wahusika, kwenye Nguzo Mama kuna Bi Pili, Bi Tatu, Bi Nne, bila majina pale chini msikilizaji anapotea dakika ya tano tu. Anayetoka jukwaani azime kamera, na mwambie kila mtazamaji aweke setingi ya kuficha wasio na kamera, hapo mhusika anapotea kweli.

Hatua 4: sauti. Zoom ikisikia ngoma inadhani ni kelele inaimeza, na hizi tamthilia zimejaa ngoma na nyimbo. Mpigaji awashe Original Sound, setingi ya Zoom inayopitisha sauti kama ilivyo. Kuimba pamoja sahauni, mtandao unachelewesha kila mtu kivyake, aimbe mmoja na wengine wazime maiki waitikie kwa midomo tu, inatosha.

Hatua 5: muda. Zoom ya bure inakata dakika 40. Kata mchezo sehemu mbili pale penye pumzi, mapumziko, mrudi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Pasua: Mkuu, umeme ukikatika katikati ya onyesho je?
Jibu: Kila sehemu iwe na msomaji wa akiba mwenye maandishi mbele yake, anaendelea bila kuomba radhi. Na wote tumieni bando la simu, sio waifai, umeme ukienda na waifai inaenda.

Mdau wa Kijenge: Kitabu kimoja tu tumekipata na tuko watu tisa.
Jibu: Dada, usipige picha kitabu kizima ukakirusha grupu, hiyo ni kudurufu na inahitaji ruhusa yake. Kwenye barua ile ya hatua ya 2 ongeza ombi la nakala za mazoezi.

Mdau wa Ngaramtoni: Na za wanawake weusi wa Marekani, tunaweza kuzisoma kwa Kiswahili?
Jibu: Mnaweza ila ni ruhusa mbili, ya kutafsiri na ya kuonyesha. Mtafuteni Alice Childress. Tamthilia yake Trouble in Mind ilichezwa New York 1955 kwenye ukumbi mdogo, wakubwa wa Broadway, yale majumba makubwa ya maonyesho ya hukohuko, wakaitaka ila abadilishe mambo, mama akakataa, ikafika Broadway 2021 mwenyewe kashafariki tangu 1994. Mchezo wenyewe unahusu waigizaji weusi wakiwa mazoezini na muongozaji mzungu, kwa hiyo watu kukaa na makaratasi mkononi mbele ya kamera kunaendana nao kabisa.

Mdau wa Majengo: Kiingilio tuweke?
Jibu: Ukiweka hela sema kwenye barua ya ruhusa, mwenye haki anaweza kutaka chake.