Saini ya nyota wa hoki isifutike

Ukipata nafasi ya kuteleza barafuni na nyota wa hoki, kile kisahani cha kusainiwa (kipande cha mpira mgumu kinachopigwa kwenye hoki) usikichezee kwanza. Kiweke mfuko wa ndani wa koti: kikipoa kinashika unyevu, na rangi haikamati mpira wenye maji. Beba kalamu ya rangi ya fedha. Itikise, bonyeza ncha kwenye karatasi mpaka rangi ishuke, ndipo umpe. Upana wa kisahani ni sm 7.6 tu, kwa hiyo saini iwe moja, au mbili zikizidi. Kisha kishike kwa ukingo kama dakika 10. Ukikitia kwenye mfuko wa nailoni mapema, saini inahamia kwenye nailoni. Upande wenye nembo inayong'aa rangi hujikusanya matone, kwa hiyo geuza ule mtupu usainiwe.