"Unwarranted" si "bila waranti"

Ukikutana na "unwarranted" kwenye barua ya kazini, usifikirie waranti ya friji. Ni jambo lisilo na sababu ya kulihalalisha: "unwarranted criticism" ni lawama zisizo na msingi, "unwarranted fear" ni hofu ya bure. Huambatana na tendo, hisia au kauli. Mtu haitwi hivyo.

Kiingereza kililitoa shina lake kwenye Kifaransa cha kaskazini, "warant", yaani mdhamini au mlinzi. Kifaransa cha kati kikaweka g mahali pa w, ndiyo maana leo kuna "warranty" na "guarantee", asili moja. Hata William wa Waingereza ni Guillaume kwa Wafaransa.

Wengi huteleza kwenye habari za polisi. Kupekua bila hati ya mahakama ("warrant") ni "warrantless search", na huenda ukawa halali: Marekani, kwa mfano, polisi wanaomkimbiza mshukiwa wa kosa kubwa wanaweza kumfuata hadi ndani. Lakini askari mwenye hati mkononi akianza kupasua magodoro kwa hasira tu, hiyo ndiyo "unwarranted".