Kuonja bia za viwanda vidogo na marafiki: andika kwanza, ongea baadaye

Mkikaa watu sita mezani na mmoja akawahi kusema "hii ina siagi", wengine watano wataipata siagi hata kama haimo. Utaratibu ufuatao umepangwa ili kila mtu aandike alichokipata kabla hajasikia la mwenzake.

1. Manunuzi

Aina tano zinatosha. Zikizidi hapo ulimi unachoka. Kila mtu apate mililita 100 za kila bia, kwa hiyo kwa watu sita nunua chupa 2 za ml 330 kwa kila aina. Anza na zinazotofautiana waziwazi: pilsner (nyepesi, ya rangi ya dhahabu), bia ya ngano ya Kijerumani (weissbier), pale ale (ya rangi ya shaba), IPA (India pale ale, yenye uchungu na harufu kali zaidi) na stout (nyeusi, nzito).

Soma tarehe kabla ya kulipa. IPA iliyokaa miezi sita kwenye rafu yenye joto harufu yake ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) imeshafifia, hata kama muda wake wa mwisho haujafika. Chupa ya kijani au isiyo na rangi iliyoanikwa dirishani iache hapohapo.

Jumla ni nusu lita kwa mtu, na baadhi ya hizi huzidi asilimia 6 za kilevi. Gari libaki nyumbani.

2. Ubaridi

Baa utaulizwa, "ya baridi au ya moto?" Kwa kuonja, jibu liko katikati. Bia ya nyuzi 3 hainuki, na bia isiyonuka huwezi kuihukumu. Lenga nyuzi 5–7 kwa pilsner, 6–8 kwa weissbier, 8–10 kwa pale ale na IPA, 10–13 kwa stout. Kama chumba kina nyuzi 28 hivi, toa IPA kwenye friji dakika 15 kabla, stout dakika 25. Kipimajoto cha jikoni kitakuondolea kubahatisha.

3. Glasi

Glasi za mvinyo zenye mdomo uliobana kidogo zinafaa, kwa kuwa zinashikilia harufu. Zioshe, zisuuze mara mbili, uziache zijikaushe zenyewe. Kitambaa cha jikoni kina mafuta, na mafuta huua povu. Ukimimina ukaona vipovu vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi, hapo pana uchafu; usiilaumu bia.

Mezani weka maji na mkate mweupe mkavu tu. Pilipili, sigara, marashi na udi viwe mbali. Nyama choma nayo isubiri.

4. Kumimina kwa siri

Mmoja abaki jikoni, awaletee wenzake glasi zenye namba badala ya majina. Ainamishe glasi, amimine taratibu, kisha aisimamishe mwishoni ili povu lifike unene wa kidole kimoja. Weissbier ina hamira iliyotuama chini: izungushe chupa polepole ikibaki robo, ndipo umalizie.

Mpangilio uende kutoka nyepesi hadi nzito. Ukitanguliza IPA, pilsner itakayofuata itaonekana kama maji.

Kuna mtego mmoja mzuri: rudisha bia moja kwa namba tofauti bila kuwaambia. Utahitaji chupa 2 zaidi. Mtu aliyeipa alama 40 kati ya 50 mara ya kwanza na 28 mara ya pili, alama zake za siku hiyo zisiingie kwenye wastani.

5. Kunusa, kutazama, kumeza

Nusa kwanza, mara glasi inapofika, pumzi fupi mbili au tatu. Baadhi ya harufu huruka ndani ya dakika moja. Kisha tazama rangi, ukungu na povu. Ndipo unywe funda moja, uizungushe mdomoni, na umeze. Kutema kama wanavyofanya waonjaji wa mvinyo hakufai hapa, maana uchungu wa hopsi huendelea kujitokeza baada ya kumeza, na harufu nyingine hupandia kooni kuelekea puani.

6. Alama na maandishi

Mgawanyo wa BJCP, mpango wa Marekani wa majaji wa bia, una alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya kinywani 5, kwa ujumla 10. "Nzuri, inateremka" haimsaidii msomaji. Andika hivi:

*Weissbier. Rangi ya asali, ina ukungu. Povu jeupe, limekaa dakika mbili. Ndizi mbivu mbele, karafuu nyuma. Gesi nyingi, uchungu mdogo, mwisho mkavu kidogo. Ndizi imeimeza karafuu. 38.*

Hakuna aliyetia ndizi wala karafuu humo; ni kazi ya hamira. Ndizi hiyohiyo ukiikuta kwenye pilsner ni kasoro, aghalabu kwa sababu uchachushaji ulifanyika kwenye joto kubwa mno. Kwa hiyo mmiminaji ataje aina ya bia, afiche jina la kiwanda tu.

7. Kasoro za kuzijua

Siagi au bisi za sinema, na ulimi kuteleza: hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi, au mabomba ya baa ni machafu. Mahindi ya kuchemsha: mchemsho ulikuwa hafifu au mfupi. Harufu ya kicheche: mwanga umevunja viini vya hopsi, juani, dakika chache zinatosha. Boksi lililoloa: hewa na uzee, na joto la ghala huharakisha. Siki: bakteria wameingia, isipokuwa kama bia ilitengenezwa iwe chachu. Plasta ya kidonda: mara nyingi ni klorini, ya maji au ya dawa ya kusafishia vyombo.

Ukishuku kasoro, fungua chupa nyingine ya bia hiyohiyo kabla hujaandika lolote juu ya kiwanda. Ikiwa hiyo nyingine ni safi, kosa ni la chupa moja au la duka lililoihifadhi, na andiko lako liseme hivyo.

Alama zikishakusanywa, fichua majina. Nyama sasa iingie.